Arobaini za Mwarobaini: Jina Lililosafiri na Katazo Lililobaki Nyumbani

Uani kwangu, hapa Kasingirima katika mji wa Ujiji, umesimama mwarobaini mmoja mkongwe. Haipiti wiki bila mtu kubisha hodi: "Shikamoo Bibi Mwalimu, naomba majani kidogo." Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa neno moja tu: "Chuma." Siku hizi, kabla ya kuruhusu mkono wowote uguse tawi, nauliza kwanza: "Ni ya nani?" Makala haya yanaeleza kwa nini jibu langu lilibadilika. Nami nitaanza na jina la mti wenyewe, kwa kuwa naamini kosa letu lilianzia katika jina.

Miti mingi ya Kiswahili hupata jina kutokana na tunda lake. Embe hutupa mwembe, nazi hutupa mnazi, chungwa hutupa mchungwa. Kiambishi cha ngeli ya miti hubandikwa kwenye tunda, na mti ukawa umebatizwa. Mwarobaini haukufuata njia hiyo. Kiambishi ni kile kile, lakini kilichobandikwa si tunda bali ni hesabu: arobaini, neno tulilolipokea kutoka katika Kiarabu. Watu wakauita hivyo kwa kuamini kwamba unatibu maradhi arobaini.

Nikiwa bado nafundisha, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, hayo arobaini ni yapi?" Nikageukia ubao na kuanza kuorodhesha, darasa zima likinisaidia: homa, upele, minyoo, vidonda, meno, tumbo. Tulipofika kumi na nne tulikwama. Tukacheka, kengele ikalia, nasi tukatoka. Sikujua kwamba swali lile lingenirudia baada ya miaka mingi, na kwamba siku hiyo nisingecheka.

Hakuna anayeijua orodha hiyo kwa sababu haikupata kuwapo. Katika utamaduni wetu arobaini ni nadra kuwa hesabu tupu. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, kisha hutolewa nje na mwanawe. Wafiwa husoma dua ya arobaini. Na tunaposema kwamba siku za mwizi ni arobaini, hapana anayekaa na kalenda akimhesabia mwizi siku zake. Tunamaanisha kwamba muda wake utatimia. Arobaini ni utimilifu. Hivyo basi jina mwarobaini ni sifa. Si hesabu, na wala si cheti cha mganga. Mtu anayelichukua kama hesabu hana tofauti na yule anayesubiri siku ya arobaini na moja ili afunge mlango wake dhidi ya mwizi.

Sifa hiyo nayo ilisafiri. Asili ya mti huu ni Bara Hindi na Burma. Wahindi wa kale waliuita nimba, na katika Kisanskriti ukasifiwa kuwa mwenye kuondoa maradhi yote. Waajemi waliuita mti huru, azad dirakht, na kutokana na maneno hayo mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Adrien-Henri de Jussieu, aliunda mwaka 1830 jina la kitaalamu linalotumika hadi leo: Azadirachta indica. Afrika ya Mashariki uliletwa na wahamiaji kutoka Bara Hindi, watu wale wale ambao maduka yao yalifuata njia za biashara kutoka pwani kuingia bara. Ulipofika midomoni mwa Waswahili, "maradhi yote" yakawa "maradhi arobaini". Msomaji anaweza kuona kwamba maana haikubadilika sana, kwani arobaini yetu na yote yao ni sifa moja iliyovaa nguo mbili.

Kwa nini sifa hiyo ilipata masikio mepesi katika mji kama Ujiji? Jibu limo katika historia ya mji wenyewe. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara, na mtu aliyetembea miezi mingi hufika mwisho wa njia akiwa mgonjwa. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika hapa katika hali ya kusikitisha: Burton akiwa hoi kwa homa, Speke akiwa haoni sawasawa kwa maradhi ya macho. Na hao ndio walioandikwa vitabuni. Wapagazi waliobeba mizigo yao waliumwa homa zile zile pasipo mtu wa kuwaandika.

David Livingstone ndiye mfano ulio wazi zaidi. Januari 1867, akiwa njiani, sanduku lake la dawa lilipotea pamoja na mpagazi aliyetoroka nalo. Aliandika katika shajara yake kwamba alijihisi kama mtu aliyehukumiwa kifo. Alipofika Ujiji Machi 1869, akiwa amebebwa, kifua kimemwelemea, alikuta mali aliyotumiwa imeporwa na dawa zake zimeachwa Unyanyembe, mwendo wa siku kumi na tatu kutoka hapa. Tunapowapeleka watoto wa shule kwenye kumbukumbu yake, huwasimulia juu ya Stanley na ule mwembe wa mwaka 1871. Mimi nadhani sanduku lile lina somo kubwa kuliko mwembe.

Ndani ya sanduku mlikuwa na kwinini, dawa iliyotokana na magome ya mti wa Amerika ya Kusini. Livingstone aliichanganya na dawa za kuharisha, mojawapo ikiwa kalomeli, ambayo ndani yake mna zebaki. Leo hakuna daktari ambaye angempa mgonjwa wa homa zebaki. Lakini hata katika dawa hiyo kulikuwa na jambo la hekima. Livingstone aliandika kwamba kwinini itolewe kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, hadi masikio ya mgonjwa yaanze kuvuma. Mvumo huo ndio uliokuwa mpaka wake. Ulimwambia mganga: dawa imefika, sasa simama. Mzungu yule hakuwa na maabara, lakini alikuwa na kipimo.

Vizazi vilivyofuata vilichukua kutoka katika kwinini jambo jingine, jepesi zaidi: uchungu wake. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada yake zikaja zahanati na vidonge. Kwinini ilikuwa chungu. Klorokwini, tuliyoimeza katika utoto wetu, ilikuwa chungu vilevile, na wengine iliwawasha mwili mzima usiku kucha. Ulimi wa watu wetu ukajifunza somo lililorudiwa kwa zaidi ya miaka mia moja: kinachotibu homa ni kichungu. Baadaye ulimi ukaligeuza somo hilo bila kuomba ruhusa: kilicho kichungu hutibu homa. Na hakuna jani chungu uani mwetu kama la mwarobaini.

Kauli hizo mbili hazifanani. Ni kweli kwamba katika maabara baadhi ya viini vya mwarobaini vimeonekana kuwadhuru vimelea vya malaria. Lakini chupa ya maabara si damu ya mtoto, na hadi leo mti huu haujawa dawa ya malaria inayokubalika hospitalini. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikatumia SP, kisha kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia dawa mseto. Nusu ya dawa mseto hiyo ina asili ya mmea, nao ni wa kale, kutoka China. Mwanasayansi Tu Youyou aliyeongoza kazi ya kukitoa kiini chake alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo sibishani na miti. Nasema tu kwamba mmea huo wa China ulipitia mikono iliyopima: kiini kikatengwa, kikajaribiwa, kikapangiwa dozi sita kwa siku tatu kulingana na uzito wa mgonjwa. Jani la uani kwangu halina uzito wa mgonjwa ulioandikwa mgongoni.

Je, mwarobaini hauna faida? La hasha. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona huko Sudan nzige wakila kila kilicho kijani wakaiacha miarobaini. Mwaka 1968 wanasayansi walikitenga kiini kinachowafanya wadudu waache kula na kushindwa kukua. Bibi zetu walichanganya majani makavu na maharage na mahindi ghalani kabla ya wanasayansi hao kuzaliwa. Kijiti chake ni mswaki mzuri. Huko India, mwaka 1992, yalichapishwa matokeo ya watu 814 wenye upele waliopakwa majani ya mwarobaini yaliyopondwa pamoja na manjano, na karibu wote walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganishia, lakini haliwashangazi waliowahi kuogeshwa maji ya majani hayo utotoni.

Ukiitazama orodha hiyo kwa makini utaona jambo moja. Ghala, shamba, ngozi, meno: karibu kazi zote ambazo mwarobaini unasifika nazo kwa haki hufanyika nje ya tumbo la binadamu.

Marehemu mama yangu, Mmanyema wa Ujiji asiyewahi kuingia darasani, alilijua jambo hilo. Yeye ndiye aliyeupanda mti huu. Alitumia majani yake kwa mambo mengi, lakini kila tumizi lilifungwa kamba ya katazo. Mwanamke mwenye mimba hapewi mwarobaini. Mtoto mdogo huogeshwa, hanyweshwi. Mtu mzima akinywa, asizidishe siku tatu. Mmelia, ule mti unaofanana nao lakini wenye maua ya zambarau, usichumwe kamwe, hata kama jirani anauita mwarobaini. Na juu ya mbegu alikuwa na kauli yake: "Majani ni ya kuogea, mbegu ni ya wadudu." Tukiwa wadogo tuliyachukulia maneno hayo kama miiko ya wazee, kama ile ya kukatazwa kupiga mluzi usiku.

Hayakuwa miiko ya bure. Mwaka 1981 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha taarifa kutoka Malaysia juu ya watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini kama dawa ya nyumbani. Walitapika, wakasinzia, wakahema kwa kasi, wakapatwa na mitukutiko, na maini yao yakadhurika. Taarifa za namna hiyo zilitoka India pia. Kuhusu mimba, majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba mafuta hayo yanaweza kuiharibu. Majani nayo hushusha sukari ya damu, jambo linaloweza kumwangusha mgonjwa wa kisukari ambaye tayari anatumia vidonge vyake. Mmelia ule wenye maua ya zambarau ni ndugu wa ukoo mmoja na mwarobaini, na matunda yake ni sumu. Katazo moja baada ya jingine, mama alikuwa sahihi.

Sasa niseme lililonipata. Miaka michache iliyopita, katika mvua za Machi, mjukuu wangu wa miezi kumi na minne alipata homa. Mimi sikuwapo nyumbani asubuhi hiyo. Mkamwana wangu, msichana mwema anayempenda mwanawe kuliko macho yake, alikuwa amenunua kwa mchuuzi kichupa cha mafuta ya mwarobaini. Akampa mtoto vijiko viwili vya chai. Nilipofika, mtoto alikuwa amekwisha tapika mara tatu na alikuwa akisinzia kwa namna ambayo si ya usingizi. Kabla hatujapata usafiri, mwili wake ukaanza kutukutika.

Jirani mmoja akapaza sauti: "Hilo ni degedege! Msimpeleke hospitali, akichomwa sindano atakufa!" Hapo nikaona neno la pili likitaka kumuua mjukuu wangu. Degedege, katika fikra za watu wengi, lina nasaba na ndege, dege kubwa lipitalo juu na kumdhuru mtoto. Ukishakuwa umekubali kwamba adui ni ndege, huendi kwa daktari, bali unamtafuta mtu wa kumfukuza ndege. Jina la kwanza lilikuwa limempa mtoto sumu, na jina la pili lilitaka kumfungia mlango wa hospitali. Ajabu iliyoje: dalili za sumu ya mafuta yale ndizo hizo hizo watu wanazoziita degedege, hata mzazi akaweza kudhani kwamba ugonjwa umezidi dawa, akaongeza kijiko cha tatu.

Tulikwenda hospitali. Daktari aliuliza swali moja: "Mmempa nini?" Kimya. Mkamwana wangu aliinamisha kichwa, mwanangu akatazama ukuta. Nilielewa kimya kile, kwa kuwa wengi wetu tumewahi kukaripiwa mbele ya watu kwa kutaja dawa ya kienyeji. Nikasema: "Mafuta ya mwarobaini, vijiko viwili, saa tatu asubuhi." Daktari hakukaripia. Alipima sukari, akaikuta imeshuka, akamwekea dripu na dawa ya kutuliza mitukutiko. Kipimo cha malaria kilionyesha kwamba mtoto hana malaria. Yalikuwa mafua. Siku ya nne tulirudi naye nyumbani.

Usiku ule wodini mkamwana aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, si wewe uliniambia unatibu arobaini?" Alikuwa mkweli. Mwaka mmoja na ushei kabla, alipokuwa ndani ya arobaini yake ya uzazi, nilikaa naye nikimfurahisha kwa hadithi za maneno. Nilimweleza kiambishi, nilimweleza Kiarabu, nilimweleza sifa. Katazo sikumweleza. Mimi, mwalimu wa lugha, nilimrithisha jina na kumnyima kilichokuwa kimefungwa pamoja nalo. Mama yangu asiyejua kusoma alikuwa mwalimu bora kuliko mimi.

Naamini hivyo ndivyo ilivyotokea kwa jamii nzima. Jina ni jepesi, hubebeka. Hupanda juu ya kibandiko cha chupa, huingia katika ujumbe wa simu, huenea kama lilivyoenea wakati wa nyungu za mwaka 2020, kila nyumba ikichemsha majani. Katazo ni zito. Hukaa mdomoni mwa bibi mmoja uani mwake, naye akifa, huzikwa naye. Bunge letu lilitunga mwaka 2002 Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, likaunda na Baraza la kusimamia waganga na dawa zao. Ni jambo jema, lakini sheria haiwezi kusimama kando ya kila kijiko.

Elimu ya wazee ina hadhi, na ulimwengu umeanza kuikubali. Mwaka 1994 hataza ya Ulaya ya kutumia mafuta ya mwarobaini dhidi ya kuvu wa mimea ilitolewa kwa serikali ya Marekani pamoja na kampuni ya W. R. Grace. Wapinzani kutoka India na Ulaya walidai kwamba jambo hilo lilikwisha julikana na kutumika India. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Nilifurahi niliposoma habari hiyo. Lakini heshima haigawanyiki. Tukidai kwamba wazee walijua mwarobaini unafaa nini, tukubali pia kwamba walijua haufai nini. Kuchukua nusu ya kwanza na kuitupa ya pili si kuienzi tiba asili. Ni kuipora.

Kwa hiyo nauliza. Ni ya nani? Ya kuoga au ya kunywa? Ana mimba, ni mtoto, ana kisukari? Na mwenye homa ninamwambia akapime kwanza, na akifika kwa daktari aseme kila alichokunywa, bila haya. Mficha maradhi kilio humfichua, na mficha dawa hali kadhalika. Wapo wanaonuna, wakisema kwamba Bibi Mwalimu amekuwa mchoyo wa majani.

Juzi kijana mmoja alibisha hodi na gunia tupu begani. Nikamuuliza kama kawaida, "Ni ya nani?"

"Ya mahindi, Bibi. Wadudu wamenimaliza ghalani."

Nikamfungulia mlango. "Chuma, mwanangu. Chuma mpaka gunia lijae."